Chumvi Kwenye Dhahabu Nyekundu

Mkaguzi wa ubora alikuwa amelala chali kando ya meza ya maabara, miwani bado machoni, kama mtu anayesoma kitu kwenye dari. Sakafu ilikuwa nyekundu kutoka kichwani mwake hadi mlangoni.

"Damu yote hii!" Sajini alishtuka.

"Si yote damu," Inspekta alisema, akachuchumaa.

Chini ya kichwa ilikuwa damu, nzito, imeganda. Iliyobaki ilikuwa nyepesi kama juisi, na ndani yake vipande vya chupa kubwa.

Kiwanda kile kilitengeneza vipimo vya haraka vya malaria. Vijiti vile vya plastiki: unadondosha tone la damu, unasubiri, mstari mmoja mwekundu unatokea kuonyesha kijiti ni kizima, na wa pili ukiwa na malaria. Kazi ya marehemu ilikuwa kujaribu vijiti vichache vya kila kundi kabla maboksi hayajatoka. Wenzake walimwita Bwana Mistari.

Mkuu wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Profesa, alisimama nyuma ya utepe wa polisi akijifuta jasho. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na kulikuwa na baridi.

"Aliteleza, afande. Alikuwa amebeba dhahabu."

"Dhahabu ipi?"

"Hiyo iliyomwagika."

Sajini alitazama soli ya kiatu chake. "Profesa, mimi nimenunua pete ya ndoa. Dhahabu naijua. Hii ni sharubati."

"Ikiwa ndogo mno inabadilika rangi," Profesa alisema, na sauti yake ikatulia kidogo, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. "Chukua unywele wako mmoja, upasue mara elfu mbili, ndipo uufikie unene wa chembe moja ya hiyo dhahabu. Kwa udogo huo haing'ai njano tena. Inakuwa nyekundu. Ndiyo inayochora mstari kwenye kipimo. Watu wakisikia nanoteknolojia wanawaza maroboti. Ni udogo tu."

Inspekta alimsikiliza huku macho yakiwa sakafuni. Vipande viwili vya kioo vilikaa juu ya damu iliyoganda. Juu kabisa, havikuzama. Akamwita mpiga picha.

"Damu iliganda kwanza, chupa ikavunjika baadaye," alimnong'oneza Sajini. "Maiti haibebi chupa."

Akamgeukia Profesa. "Maboksi ya wiki hii yako wapi?"

"Ghalani. Gari linakuja saa sita."

"Marehemu aliyakagua?"

"Yote. Safi kabisa." Alijibu haraka mno.

Daktari alimgeuza marehemu, akafungua vifungo vya shati. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye kona ya meza. Kifuani palikuwa na michubuko miwili, upana wa viganja.

"Amesukumwa," daktari alisema.

Inspekta alikwenda chumba cha kuoshea. Mwanamke mwembamba alikuwa ameinamia sinki.

"Wewe ndiye unayeosha chupa?"

"Ndiyo, afande."

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Niliwaacha wawili tu, Profesa na marehemu."

"Wanagombana?"

"Wanaongea." Akaendelea kusugua chupa iliyokuwa safi tayari.

Inspekta hakumharakisha. Alivuta stuli, akaketi. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Dada, hiyo chupa itatoboka."

Mwanamke alicheka bila kutaka, halafu kicheko kikamgeukia kilio. "Mimi ni mtu wa kuosha tu, afande. Nikisema, nani atanisikia?"

"Nimekaa kitako. Unadhani nimekuja kupumzika?"

Akajifuta kwa mkono wa shati. "Jumatatu jioni niliiona dhahabu ni ya buluu. Chupa nzima, kama wino. Jumanne asubuhi naikuta nyekundu."

"Labda ilipona."

"Haiponi! Ikiingiwa na chumvi, hata ile ya maji ya bomba, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, rangi inageuka. Ndiyo maana tunasuuza kwa maji yaliyokenekwa tu, yasiyo na chumvi hata kidogo. Ikishakuwa buluu ni ya kumwaga. Hairudi hata uiombee dua."

"Unayo dhahabu ya zamani, nzima?"

"Ipo sampuli ya mwezi uliopita."

Saa nne na nusu Inspekta aliweka glasi mbili kwenye meza ya Profesa, zote nyekundu. Kati yake akaweka kopo la chumvi kutoka chumba cha chai. Sajini alimsomea Profesa onyo, neno kwa neno.

"Hii ni ya mwezi uliopita," Inspekta alisema, akatia kijiko. Wekundu ukafifia, ukawa zambarau, ukawa buluu.

"Na hii nimeichota sakafuni." Akatia kijiko, akakoroga. Nyekundu. Akaongeza cha pili. Nyekundu.

"Ni nini hii, Profesa?"

Profesa aliisogeza glasi mbali. "Rangi ya kupikia kwenye maji."

"Endelea."

"Chupa niliisuuza mwenyewe. Dada alikuwa ameenda kula. Nikafungua bomba ambalo silo. Miaka kumi na tisa kazini, afande, nikafungua bomba ambalo silo!"

"Ungemwaga, ukasema umekosea."

"Nisingeweza." Alikunja mikono. "Mwaka jana nilimfukuza binti kwa kosa hilohilo. Mbele ya wote. Nilimwita kichwa maji. Alinipigia magoti hapo ulipoketi."

"Na Bwana Mistari?"

"Alijaribu vijiti ishirini. Hakuna mstari hata mmoja. Akaja, akachota kidogo chupani, akatia chumvi, ikabaki nyekundu, akaangua kicheko. 'Kumbe hata wewe! Basi kesho tumrudishe yule binti, umwombe radhi mbele ya wote.' Akanyanyua simu asimamishe maboksi. Nikamsukuma. Nilitaka ile simu tu."

"Alipoanguka alikuwa anapumua?"

"Kidogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa. Alipoacha, nikakaa tena. Kisha nikavunja chupa."

Sajini aliacha kuandika.

"Na vijiti?" Inspekta aliuliza. "Ulijua havitaonyesha kitu."

"Nesi akikosa mstari atajua kimeharibika. Atakitupa, atachukua kingine."

"Kutoka boksi hilohilo?"

Profesa alilifunika kopo la chumvi.

"Yametoka mangapi?"

"Matatu. Jana mchana, kabla hajajaribu. Zahanati ilikuwa imeishiwa kabisa, wana watoto wengi wa homa. Niliyasaini mimi."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu. Akaziweka mezani, akamsukumia simu.

"Piga wewe. Waambie ulichofanya."

Iliita mara nne. Sauti ya mwanamke ikapokea, na nyuma yake mtoto alikuwa analia, kilio kile kilichochoka. Profesa aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Dada," alisema, "nimekosea."