Mlete Tumpime

Kila Jumamosi, vyombo vya chai vikishatolewa, meza ya kulia iligeuka kuwa ofisi. Mama alipangusa makombo, akafungua kompyuta, akavaa miwani na kusema, "Haya, tuoshe orodha." Wageni waliomsikia walidhani kuna nguo za kufua.

Kazi ya Mama ilikuwa kutuma matangazo ya barua pepe kwa niaba ya maduka na shule. Kabla ya kutuma, ilibidi orodha ya anwani isafishwe. "Barua chache zikirudi, si neno," alimweleza binti yake siku ya kwanza. "Zikirudi nyingi, wenye mtandao watatuona matapeli, watatufungia mlango. Hapo hata anayeihitaji barua yetu hataipata."

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani na mtaani walimwita Mshale, kwa kuwa hakujua kufanya jambo polepole. Alikula haraka, alisoma haraka, hata usingizi aliupata haraka.

Jumamosi hiyo walikuwa na orodha ya duka la viatu vya watoto, kwa sababu shule zilikaribia kufunguliwa. Programu ya kompyuta ilishaondoa anwani zilizojirudia na zile zilizokufa. Zilibaki karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono na kijana wa dukani. Zilikuwa na majina ya watu waliopiga simu kuomba wasiandikiwe tena.

"Kwa nini programu isimalizie na kazi hii?" Mshale aliuliza shingo upande.

"Kwa sababu haina masikio. Hawa walisema kwa midomo yao. Soma jina, litafute, lifute. Moja moja. Mimi naenda sokoni mara moja."

Mwandiko wa kijana wa dukani ulikuwa kama nyayo za kuku aliyekimbizwa. Mshale alimaliza ukurasa wa kwanza huku akipiga miayo. Mara binamu yake akachungulia dirishani.

"Bosi wa ofisi! Kamba ya kuruka inakungoja huku nje."

"Bado kurasa mbili."

"Kwani hizo karatasi zina midomo? Zitakusemea?"

Mshale akacheka. Akatia alama ya vema chini ya ukurasa wa pili na wa tatu, bila kusoma jina hata moja, akatoka mbio.

Mama aliporudi, alimwita ndani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kurasa zote tatu?"

"Zote, Mama."

Mama akamfinya shavu kwa upendo, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Jumatatu Mshale alitumwa kuchukua sketi yake ya shule kwa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwao. Fundi huyo aliitwa Mama Chiriku. Chiriku alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa akikaa dawati moja na Mshale. Waliomwita Chiriku hawakumwonea, maana alipiga soga tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Mwaka uliopita aliugua, akalazwa, hakurudi. Watu waliendelea kumwita mama yake vilevile, naye aliendelea kuitika.

Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi.

"Shikamoo, Mama Chiriku."

"Marahaba, mwanangu. Njoo. Nisomee hii. Pengine macho yangu yananidanganya."

Mshale alishika simu. Alilifahamu tangazo lile kabla ya kulisoma, lakini alikuwa ameombwa asome, akasoma.

"Mpendwa Mama Chiriku. Shule zinafunguliwa, na miguu ya Chiriku imekua! Tumemkumbuka sana. Mlete... mlete tumpime."

Karibu na mlango kulikuwa na viatu vyeusi vidogo, vimepigwa rangi, soli zake karibu mpya.

"Basi sikukosea," fundi alisema taratibu. "Unajua, nilimpigia yule kijana wa dukani mimi mwenyewe. Ilinichukua asubuhi nzima kupata nguvu ya kushika simu. Nikamwambia, mwanangu hayupo, mfuteni. Nililitamka mimi, mama yake. Naye akaniitikia, 'Pole sana, mama, naandika sasa hivi.' Kumbe alitaka tu nikate simu." Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Nimeshampigia mwenye duka. Mtu asiye na moyo hafai kuuza viatu vya watoto."

Mshale alitaka kusema. Badala yake alirudisha simu, akaondoka bila sketi.

Nyumbani alimkuta Mama akizungumza kwa simu, amekunja uso.

"Hapana, bosi. Kama jina lingekuwepo kwenye karatasi zenu, lingefutwa. Binti yangu alikagua kurasa zote tatu. Ndiyo. Neno lake nalisimamia." Akasikiliza. "Kumfukuza kijana wako ni uamuzi wako. Mimi nasema tu kwamba kosa halikutoka kwangu."

Mama alipokata simu, aligeuka. Mshale alikuwa amesimama katikati ya chumba, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Una nini? Umeanguka?"

"Sikuzisoma, Mama. Nilisoma ukurasa mmoja tu. Zile mbili nilitia alama nikaenda kuruka kamba."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alizichukua karatasi rafuni, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa pili. Kidole kilisimama karibu na mwisho. Kwa mwandiko ule wa kuku, kijana alikuwa ameandika: *Mama Chiriku. Mtoto amefariki. Tafadhali sana asiandikiwe.* Maneno "tafadhali sana" alikuwa ameyapigia mstari.

Mama aliketi. Kisha akapiga simu tena.

"Bosi, nimekosa. Kijana wako aliandika, tena vizuri. Sisi ndio hatukusoma, na mimi nilituma bila kuhakiki. Usimfukuze. Mwambie naja kumwomba radhi leo leo." Akaweka simu chini. "Vaa viatu. Tunaanza kwa Mama Chiriku. Utasema wewe, si mimi."

Mshale alisema yote, akiwa amesimama pale karibu na viatu vyeusi. Hakuficha kamba wala binamu. Fundi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ulikaa naye dawati moja," fundi alisema.

"Ndiyo."

"Ungeliona jina lake siku hiyo, ungelifuta?"

"Ningelia kwanza," Mshale alisema. "Halafu ningelifuta."

Fundi akaangalia pembeni. "Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Kama ni lazima mwanangu afutwe, basi afutwe na mtu aliyemlilia."

Mama alikuwa amekuja na kompyuta. Aliifungua juu ya meza ya kukatia nguo. Mshale alilitafuta jina, akalipata. Fundi alisogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, nao wakalifuta pamoja.

Walipoaga, fundi alimpa Mshale sketi iliyokunjwa vizuri. "Nimekuachia upindo mpana," alisema. "Wewe utarefuka." Kisha akageukia cherehani yake, asionekane uso.

Njiani Mama alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mshale aanze darasa la kwanza.

"Nisikilize. Programu inajua anwani iliyokufa. Haimjui aliyefiwa. Ndiyo maana nilikuweka wewe mezani, si kwa sababu ya vidole vyako vyepesi. Unaposema 'nimemaliza', watu wanaliegemea neno lako kama ukuta. Mimi niliegemea. Nusura kijana wa watu aangushwe nalo. Usimwegemeze mtu kwenye ukuta ambao hukuujenga."

"Sitarudia, Mama."

"Kuahidi ni rahisi. Tukitoka dukani tutamaliza kazi. Na mimi nitahakiki nyuma yako, maana nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo."

Jioni, baada ya kumwomba radhi kijana wa dukani, meza ya kulia ikawa ofisi tena. Binamu alichungulia dirishani, akaona nyuso zao, akaenda zake kimya. Mshale aliweka kidole kwenye jina la kwanza la ukurasa wa pili. Alilisoma kwa sauti, polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akasubiri Mama aitikie, ndipo akaenda la pili.