Salamu Zilizobaki

Siku ya thelathini na tisa baada ya kumzika baba, jua likikaribia kuzama, mama alinituma kwa jirani yetu, Bi Asimo, nikaazime ungo. Kesho yake ilikuwa arobaini, na ngano ya marehemu, ile ya kuchemshwa na sukari na kugawiwa makaburini, ilikuwa haijapepetwa.

Bi Asimo alinipa ungo na tini mbili kavu. "Mwambie mama yako asizidishe sukari," alisema akicheka. "Ile ya babu yenu tuliila msibani kama tuko harusini."

Alikuwa mzima kabisa. Naliandika hili kwa sababu baadaye watu walisema vingine.

Baba yangu, Zisis, alijulikana tambarare yote ya Karditsa kwa mtambo wake wa kurushia matangazo. Aliuunda mwenyewe ndani ya kasha la jibini. Kila magharibi alikohoa mara mbili, kisha akasoma salamu: wimbo huu uende kwa fulani, huu kwa fulani. Umeme ukikatika kabla hajamaliza, kesho yake alianza na majina yaliyobaki. "Tutayasoma jioni nyingine," ndivyo alivyofunga kila siku. Hakuacha jina hata moja.

Alipofariki, mama aliifunika redio ya sebuleni kwa kitambaa cheusi. Nyumba ya msiba haipigi wimbo mpaka arobaini ipite.

Niliporudi na ungo, nikaona mwanga ghalani. Kaka yangu Stergios alikuwa ameinamia lile kasha.

"Kaka! Bado siku moja!"

"Kwani nani kapiga wimbo? Natafuta wimbi tu. Kesho tukitoka makaburini nataka mtambo uwe tayari, nimtangaze baba."

"Na mama akisikia?"

"Asikie nini? Hewa tupu? Shika ungo wako, mwoga wewe."

Antena hakuiunganisha. Mahali pake alifunga balbu, kama baba alivyofanya kila alipojaribu mtambo. Ukishika wimbi, balbu huwaka. Ukisema kwenye maikrofoni, mwanga huchezacheza pamoja na sauti yako. Nguvu yote huishia kwenye balbu. Haivuki ua.

Akazungusha kitufe. Polepole... polepole...

Mvumo. Harufu ya vumbi linaloungua. Balbu ikawa nyekundu, ikawa njano, ikawa nyeupe.

"Umeona?" alisema. "Mkono wa baba huu."

Balbu ikafifia. Mara moja. Mara mbili.

Kisha ikaanza kuchezacheza.

"Acha kuongea," nilinong'ona.

"Sijaongea."

Maikrofoni ilining'inia msumarini, waya wake umeviringishwa, haujachomekwa popote. Nikasikia harufu ya tumbaku. Tumbaku ya baba.

Nikakimbilia ndani.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya redio. Kitambaa cheusi bado kiliifunika, na nyuma yake palikuwa na mwanga.

"Sikuigusa, Vaia," alinong'ona. "Naapa sikuigusa."

"...wimbo huu uende kwa Bi Asimo, jirani yetu mwema."

Sauti ya baba. Hapakuwa na wimbo. Kimya tu... kisha humo redioni kengele ya kanisa ikaanza kulia, ile ya taratibu, ya msiba.

"Na huu uende kwa mwanangu..."

Mama aliikumbatia redio. "Zisis, si mtoto! Niweke mimi. Nakuomba, baba Stergios, niweke mimi."

Kengele ikakatika.

"Huu uende kwa mke wangu, Vasilo. Ule wa Stergios tutausoma jioni nyingine."

Nilikimbia ghalani nikang'oa waya wa umeme.

Bi Asimo walimkuta amekufa kando ya tanuri lake. Mimi na mama tuliipepeta ngano pamoja, tukaichemsha, na kabla hajalala aliniapisha nisimwambie kaka neno lolote, asije akajiona ndiye aliyemuua mama yake. Asubuhi hakuamka. Ngano ile iligawiwa kwa majina mawili, la baba na la mama.

Kasha nililichoma. Kaka nilimwambia nimelichoma kwa huzuni. Miaka arobaini na saba nimekaa na kiapo hicho.

Leo magharibi Stergios amenipigia simu kutoka Larisa. Amestaafu, ana muda.

"Dada, usinicheke. Nimeunda mtambo kama ule wa baba."

"Uzime."

"Hata antena sijaweka! Nina balbu tu hapa. Na maikrofoni ipo kwenye boksi lake. Lakini balbu inachezacheza, sijui kwa nini..."

"Kaka, ng'oa waya! Sasa hivi!"

"Ngoja kidogo. Hebu sikiliza redio yangu."

Akaisogeza simu.

Nikasikia kikohozi. Mara moja.

Mara mbili.