Joto la Vyumba Vyote

Pii! Pii! Pii!

Sauti ilimkuta kijana kitandani, asubuhi. Haikuwa ya njaa. Ilikuwa kali mno.

Alikimbia bandani. Katika chumba cha vifaranga wachanga, taa za joto zilikuwa zimefifia. Vifaranga walikuwa wamepandana kwenye kona moja, wa chini wamekufa. Ndio waliokuwa tegemeo lote la dada yake. Dada alipokuwa akiondoka safarini alimwambia, "Nakuamini, mdogo wangu."

Kijana alimwita jirani, mama anayeandika programu za kompyuta. Jirani alisogeza taa ya akiba karibu na walio hai, kisha akaketi mbele ya kompyuta inayoendesha taa.

"Si wewe uliyetuambia mtaa mzima tulale tu, kompyuta italea? Jana uligusa nini?"

"Vifaranga wakubwa wa chumba cha pili walikuwa wanahema kwa joto. Nikapunguza joto lao."

"Lao? Uliliandika wapi?"

Kijana akaonyesha. Jirani akaguna.

"Hapa ni kwenye klasi mama, kiolezo kikuu cha vyumba vyote, kiitwacho Chumba. Joto hili ni kigeu cha klasi, yaani thamani moja inayotumiwa na wote. Klasi ya Wachanga na klasi ya Wakubwa ni watoto wa Chumba. Hazina joto la kwao, zimerithi la mama. Ukipunguza la mama, umewapunguzia wote."

"Lakini nilikusudia wakubwa tu!"

"Kompyuta haisomi moyo wako, bwana mdogo. Inasoma ulichoandika."

"Sasa nifanyeje?"

"Rudisha joto la mama kama lilivyokuwa. Halafu andika joto jingine ndani ya klasi ya Wakubwa. Wao watafuata la kwao kwanza. Wachanga wataendelea kurithi la mama."

Kijana akaandika. Taa zikawaka vizuri. Taratibu vifaranga wakatawanyika, wakaanza kudonoa. Katika chumba cha pili, wakubwa hawakuhema tena.

Lakini dada aliporudi, ndoo ya waliokufa ilikuwa mlangoni. Aliinama, akaitazama.

"Ulisema mtambo wako haukosei."

"Nilijigamba, dada. Laiti ningeuliza jana."

"Na hawa waliobaki?"



"Nakuahidi, dada. Sitabadilisha kitu kabla ya kukagua kila chumba kinachokirithi. Na nikishabadilisha, nitakaa humu humu bandani mpaka nione wote wametulia."