Kuskusi Bila Chumvi

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Niliwahi kuiandika vizuri, kurasa kumi na nane za vitisho vya kumnyonyoa paka manyoya, ikapotea kwa kuwa sikuweka nakala. Iliyobaki ni ya kichwani, na kichwa chenyewe hakina dhamana.

Bushta alikuwa mpiga video za harusi mjini Meknes, mwenye chumba kimoja juu ya duka la muuza zeituni. Kila Ijumaa baada ya swala, kompyuta yake ilinakili kazi za wiki kwenye diski ya nje, kidude cheusi kinachoenea kiganjani. Ijumaa moja ikafika asilimia tisini na tatu, ikagoma. Kioo kikaandika: Faili hili haliwezi kunakiliwa. Linatumiwa na mwingine.

"Mwingine yupi?" Bushta akaiuliza kompyuta. "Humu tuko mimi na nzi."

Akabadilisha waya. Akachomeka tundu jingine. Akaifuta diski yote, akaanza upya. Tisini na tatu, linatumiwa na mwingine. Ndipo akalisoma jina la faili: Harusi ya Batul, binti Lalla Ghita. Faili hilo halikuwepo tena duniani. Alilifuta yeye.

Lilikuwa kosa la kidole kimoja. Alitaka nafasi ya harusi nyingine. Kompyuta ikamwambia kunakili kumeshindikana. Yeye akabofya Sawa bila kusoma, kisha akafuta. Haukupita mwezi, Si Allal, yaani Bwana Allal, babake Batul, akafariki. Sauti yake ilikuwa imebaki mle tu, akimwimbia binti yake. Mjane wake, Lalla Ghita, yaani Bi Ghita, alipokuja kuiomba, Bushta, ambaye ulimi wake haukuwahi kungoja ruhusa, akasema:

"Si mimi, Lalla. Ni wenye mahali. Chumba hiki kina watu wake. Wameila video yote."

Lalla Ghita hakumlaumu. Alimwonea huruma. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alipanda ngazi akihema, na sahani ya kuskusi isiyo na chumvi, kwa sababu majini hawagusi chumvi.

"Wawekee pale pembeni, mwanangu. Wakishiba huenda wakamrudisha. Nimsikie hata akikohoa."

"Nitawawekea, Lalla."

Mama akishuka, Bushta alitoa kichupa cha chumvi kwenye droo. Mboga saba na nyama ya shingo, umwachie nani? Miezi mitano alikula. Alikula kwa aibu, lakini sahani aliirudisha nyeupe.

Sasa, baada ya ile Ijumaa ya kugoma, chumba kikaanza kunuka ubani ambao hakuna aliyeuchoma, na diski ikaanza kugonga ndani kwa ndani, tik, tik, kama ukucha kwenye bilauri ya chai, hata akiichomoa waya, hata akiifunga kwenye taulo, na mchana wa Ijumaa iliyofuata, soko lote likiwa limelala, alisikia nyuma ya mgongo wake, palepale pembeni alipoahidi kuweka sahani, mtu akimeza mate, polepole, kama mtoto anayewatazama wenzake wakila.

Akamwita Si Mfadali, fundi wa kusomea wenye majini. Walikuwa hawajaketi vizuri, Lalla Ghita akaingia na sahani yake. Fundi akafukiza, akasoma, akatega sikio.

"Wanasema wana njaa," akanong'ona.

"Njaa?" Lalla Ghita akashangaa. "Miezi mitano nawalisha."

"Wanasema hawajaonja kitu. Tena wamesingiziwa."

Droo ikafunguka taratibu, bila mkono. Kichupa cha chumvi kikadondoka, kikabingirika hadi kwenye kidole cha mguu wa mjane, kikatulia.

Kompyuta ikahesabu: tisini na nne, tisini na tano, mpaka mia. Faili likajifungua. Halikuwa harusi. Kilikuwa chumba hikihiki, kimepigwa picha kutoka pembeni, kwa kimo cha mtu aliyechuchumaa: Bushta anabofya Sawa, Bushta anafuta, Bushta anadanganya huku mkono kifuani, Bushta anakoleza chumvi, Ijumaa hii na ile na ile, na juu ya picha zote pumzi ya mtu, karibu, yenye subira, mpaka kioo kikaonyesha watu watatu wamesimama mbele ya kompyuta, migongo yao, mtandio wa Lalla Ghita, moshi ukipanda, na hakuna kati yao aliyethubutu kugeuka.

"Lalla," Bushta akasema kwa sauti ndogo. "Niliifuta mimi."

Mama alikitazama kichupa cha chumvi miguuni pake.

"Nilifurahi iliposemekana ni majini," akasema. "Majini hurudisha. Wewe utanirudishia nini?"

Akaweka sahani pembeni kwa mkono wake mwenyewe, akashuka. Bado hajafika ngazi ya mwisho, nyuma ya Bushta na fundi kijiko kikaanza kukwangua sahani.

Fundi alisema wameondoka. Lakini kila Ijumaa diski ile, iliyo drooni bila waya, huwasha taa yake na kunakili. Haijagoma tena.

Maskini Bushta, nimemfanyia yaleyale waliyofanyiwa majini: nimemsingizia. Meknes haijapata kuwa na mpiga video wa jina hilo. Kuskusi nilikula mimi.