Nilipaka Rangi Juu ya Faiba Mbichi

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Voi na mama wa binti mmoja. Kazi yangu ni faiba. Bampa ya lori ikipasuka, tangi la maji likivuja, boneti ikigongwa na punda barabarani, wananiletea mimi. Karakana niliachiwa na marehemu baba. Wanaume waliokuja kuulizia fundi walizoea kujibiwa, "Ndiye huyo mnayemwona."

Nayasema haya ndugu zangu ili mjue sikukosa ujuzi. Ningekuwa mjinga, leo ningekuwa na pa kujificha.

Mume wangu, Mwadime, alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili kule Bura, milimani. Nyumba yetu ilikuwa huko. Siku za kazi nilikaa Voi, Ijumaa napanda mlima kwenda kwa mume wangu na binti yetu Mkawasi. Kila mwanamume ana ugonjwa wake. Wengine mpira, wengine chupa. Wangu aliugua roketi.

Alianza na vidogo vya karatasi, vya kuwafurahisha wanafunzi. Vikiruka vikirudi na viparachuti vyake, wanafunzi walipiga makofi naye akacheka kama mtoto. Baadaye akataka kubwa. Kubwa kabisa, ndefu kumshinda yeye mwenyewe, ipande mpaka macho yaipoteze.

Kule Nairobi alimpata Bwana Njoroge, kiongozi wa kikundi cha wapenzi wa roketi. Njoroge alikubali kuleta injini na kushughulikia vibali, lakini akatoa sharti moja. Kwa injini ile, bomba la karatasi tupu lingepasuka hewani. Lazima roketi nzima ivalishwe faiba.

Mwadime alicheka kwenye simu. "Faiba? Faiba mimi nimeoa."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia. Wacha niseme ukweli, hakuna neno tamu ambalo mume wangu aliwahi kuniambia kulishinda hilo. Na hajaniambia jingine tena...

Tulijenga kwa miezi mitano. Mwili ulikuwa mabomba ya karatasi ngumu, yale ya kukunjia vitambaa vya dukani. Nilizungushia faiba pale karakanani Voi, tabaka tatu, nikapiga msasa mpaka mikono ikawasha. Pua ya roketi nayo niliitengenezea huko huko. Vyote vilikauka vikawa vigumu kama jiwe. Mwadime alishuka kuja kuvichukua, akavigonga kwa kidole na kutikisa kichwa kwa furaha.

Zikabaki mbawa nne za plaiwudi za kukaa chini, zile zinazoifanya roketi iende wima. Hizo alitaka tuzibandike kwa faiba huko Bura, apime pembe mwenyewe kwa uzi na rula zake. Basi nikapanda mlima na kopo langu la rizini. Ulikuwa mwezi wa Julai.

Msiojua kazi hii nawaeleza. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za glasi. Unakipaka rizini, gundi nzito, baada ya kuichanganya na hadina kidogo ya kuigandisha. Voi ni joto. Ukizidisha hadina, rizini inagandia kwenye kopo hujapaka chochote. Kwa hivyo sisi mafundi wa Voi tunaweka kidogo sana, kifuniko cha chupa kisichojaa. Baba alipima kwa jicho, nami napima kwa jicho.

Lakini Bura si Voi! Bura mwezi wa Julai ukungu unaingia hadi jikoni, nguo zinakaa kambani siku tatu na bado zina unyevu. Pale hadina inatakiwa kuongezwa. Hilo nililijua. Kichwa kililijua, mkono ukafuata mazoea yake. Nikamimina kipimo cha Voi.

Hata Bwana Njoroge alikuwa ameuliza kwa simu siku hiyo, "Mama anapima hadina na nini?" Mwadime akanigeuzia simu nijibu mwenyewe. Nikamwambia nimepima kwa jicho tangu nikiwa msichana, na gari zangu ziko barabarani hadi leo. Akaomba radhi. Nilifurahi sana kuombwa radhi na mtu wa Nairobi.

Kesho yake nilibonyeza ukucha pale mbawa zinapoungana na mwili. Ukucha ukazama.

Nilishtuka. Nikasogeza jiko la makaa, nikaligeuza huku na huku mchana kutwa. Ngozi ya juu ikashika. Ukigusa unasema imekauka. Lakini fundi hadanganywi na ngozi. Ndani bado ilikuwa laini, kama ugali ulioondolewa motoni mapema.

Dawa yake ilikuwa moja tu, kubandua zote nne, kusafisha na kuanza upya. Siku tatu za kazi. Lakini ilikuwa Alhamisi, na roketi ilipangwa kuruka Jumamosi. Kibali kilikuwa cha siku hiyo, watu wa Nairobi walikuwa njiani, mwalimu mkuu ameahidi kuja na wanafunzi. Na mimi nilikuwa nimeshajigamba.

Ningeenda pale sebuleni nikamwambia, "Baba Mkawasi, nimekosea." Maneno matatu hayo! Angekasirika, angepiga simu, siku ingesogezwa. Ndiyo hasara yote ambayo ingekuwapo. Badala yake nilichukua fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyekundu mara mbili. Ikang'aa. Mwadime alipokuja aliizunguka, halafu akanishika bega. Nikatabasamu. Sijui nilipata wapi tabasamu lile.

Jumamosi tulishuka mpaka uwanda ulio karibu na Salaita, chini ya Taveta, ardhi tupu na kavu. Wanafunzi walipangwa mbali. Wakulima kadhaa kutoka kijiji cha Mata walikuwa wamesikia habari, wakaja wakakaa na miavuli yao. Mkawasi alipewa heshima ya kuhesabu kurudi nyuma. Alihesabu kwa sauti ya kutetemeka, akiwa na miaka kumi na minne tu wakati huo.

Ikaondoka. Jamani, ilikuwa nzuri... Sitasema uongo katika hili, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushika kwa mikono yangu. Watu walipiga kelele. Mwadime hakupiga kelele, alisimama tu mikono kichwani.

Halafu nikaona kitu chekundu kikichomoka pembeni kama jani. Ulikuwa ubawa mmoja. Kisha wa pili.

Roketi ikapinda, ikazunguka mara moja, ikageuka kuelekea ardhini huku injini bado inawaka. Mwadime alikimbilia upande wa wanafunzi akiwaita walale chini. Walilala. Yeye hakulala. Ikapiga mwamba na kuvunjika vipande vipande, na kipande kimoja, kibanzi cha plaiwudi chenye rangi yangu nyekundu, kikamwingia jicho la kushoto.

Hakuna mwingine aliyeumia. Watu waliniambia nimshukuru Mungu kwa hilo. Nilishukuru, lakini maombi yangu hayakupita dari.

Jicho halikuokolewa. Alipotoka hospitali, Bwana Njoroge na wenzake walikuja nyumbani Bura kutaka kujua chanzo, wapate kuwaonya wengine. Mwalimu mkuu alikuwepo, na mzee mmoja wa kamati ya wazazi. Njoroge akasema makosa kama yale hutoka sehemu mbili tu: ama hesabu za mbawa hazikuwa sawa, zikatikiswa na hewa hadi zikang'oka, ama faiba haikushika. Akanigeukia kwa adabu. "Mama, faiba ilikauka vizuri?"

Kila mtu akanitazama. Nilikuwa nimeshika birika.

"Ilikauka," nikasema.

Na kabla sijameza mate, mume wangu, amefungwa bandeji nusu ya uso, akasema, "Mke wangu hakosei kwa faiba. Ni hesabu zangu."

Nikamimina chai. Ndiyo niliyofanya, nikawamiminia wote chai.

Kutoka hapo mambo yakaporomoka. Wazazi walisema hawataki watoto wao wafundishwe na mtu anayekosea hesabu zinazoweza kuua. Kwanza akanyang'anywa klabu ya sayansi, kisha akaondolewa darasani na kupewa kazi ya kutunza vitabu vya maktaba. Sokoni wakamwita Mwalimu Roketi. Mama mkwe alikuwa akimpitia kila Jumapili baada ya kanisa na kumsihi aachane na mambo ya angani. Yeye alimjibu hajaachana, anatafuta tu alipokosea.

Maana hilo ndilo alilofanya. Kila alasiri alikaa barazani na daftari, jicho moja karibu na karatasi, akipiga hesabu upya. Uzito, kasi, unene wa mbawa, upepo. Akimaliza daftari ananunua lingine. Kosa halionekani, basi anaanza tena. Ijumaa nikifika ananiita, "Mama Mkawasi, njoo nikuonyeshe. Hapa ukurasa wa tatu nilidhani nimelipata, lakini wapi." Nami nakaa kando yake, natazama tarakimu nisizozielewa, natikisa kichwa.

Miaka miwili! Miaka miwili mume wangu alitafuta kosa kwenye daftari, na kosa limeketi mbele yake likimmiminia chai.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa karakana itakosa wateja. Baadaye nilimwogopa yeye. Mwishowe niliogopa ile miaka yenyewe. Uongo wa wiki moja unaweza kuuomba msamaha. Uongo wa miaka miwili utauanzia wapi? Nilitamani niugue, nitamke kwa homa. Nilitamani ajue bila mimi kusema. Kuna siku nilisimama kwenye mteremko wa barabara ya Bura nikawaza mambo ambayo mama hapaswi kuyawaza... nikarudi kwa sababu Mkawasi alikuwa anahitaji sare.

Ni huyo Mkawasi aliyenifungua mdomo. Aliingia kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo. Akaja na karatasi yake tuisaini. Fizikia ameiacha, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sauti ya chini ili babake asisikie, "Mum, mimi nina kichwa cha dad. Sitaki kukosea kama yeye niumize watu."

Nilikuwa nimemla mume, sasa ninamla mtoto.

Asubuhi ya pili yake, Jumamosi, nilimkuta Mwadime barazani. Sikukaa. Nikamwambia yote, kifuniko cha Voi, ukucha, jiko, fila, rangi. Sikulia, nilijizuia, kwa kuwa machozi yangekuwa njia nyingine ya kumwomba kitu.

Aliinuka akaenda ghalani, akarudi na gunia ambalo sikujua ameliweka. Lilikuwa na mabaki ya roketi. Akachagua kitako cha ubawa, akakigeuza upande wa ndani ambao rangi haikufika, akabonyeza ukucha. Baada ya miaka miwili, ukucha ukaacha alama.

Akapitisha kidole juu ya alama ile. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya mwalimu, bila hasira, "Siku Njoroge alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na jana uliponiletea chai?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hakunipiga, hakunitukana. Mara nyingi nimetamani angenitukana. Alimwita Mkawasi, akamwambia achukue kalamu arudishe fizikia kwenye karatasi. Kesho yake akafunga nguo zake na kwenda kwa dada yake Mata. Yuko huko mpaka sasa, asubuhi analima ndizi, jioni anawafundisha watoto wa majirani hesabu. Mimi nilienda kwa mwalimu mkuu na kwa kamati nikasema mbele yao. Nikampigia Njoroge. Walimwandikia Mwadime arudi darasani. Hajajibu. Binti yetu humtembelea kila likizo, na anaporudi hanisimulii kitu nami siulizi.

Dada zangu, kaka zangu mnaosoma, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisemi na mafundi peke yao. Kila mmoja wetu ana pahali ambapo ukucha ulizama na yeye akafuata fila. Ninawasihi, bandueni mapema, hata kama wageni wako njiani, hata kama mmejigamba mbele za watu. Aibu ya Alhamisi ni ndogo. Mimi niliikimbia, ikanilipisha jicho la mtu, jina la mtu na nyumba yangu.

Daftari zake aliziacha barazani, kumi na moja. Nilikaa wiki nzima bila kuzigusa. Nilipozifungua nikakuta kwamba kabla ya kuondoka alipitia kila ukurasa kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha kazi ya mwanafunzi. Alama ya vyema, alama ya vyema, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika neno moja tu: Sahihi.

Nilitafuta kama ameniandikia chochote mimi. Nimetafuta kwenye zote kumi na moja, na bado natafuta.