Karatasi ya Kabati Namba Nne

Saa 3:40 asubuhi, Jumamosi

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na kahawa iliyoungua. Brack, mkuu wa genge, alitandaza ramani juu ya pipa na kuikandamiza kwa spana. Tessa, dereva wao, alitafuna donati akitazama ukuta.

"Haya, mzee wa funguo," Brack akasema. "Tueleze."

Delbert Krantz akaeleza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa naibu wa usalama katika maabara ya chuo kikuu ambako maprofesa walilifanyia jeshi utafiti. Leo timu ya chuo inacheza nyumbani, na kuanzia saa sita mji mzima utakuwa uwanjani. Diski wanayoitaka imo kwenye kabati la chuma namba nne. Wanaojua namba za kulifungua ni wawili tu, yeye na bosi wake, Winifred Osgood. King'ora kitazimwa kwa namba ya siri ya Osgood, ambayo Delbert aliipata kwa kuchungulia vidole vyake. Tiketi ya Delbert itapita getini uwanjani, na shemeji yake atakalia kiti chake akiwa na kofia yake, ili Delbert aonekane alikuwa huko. Jumatatu, kila kidole kitamwelekea Osgood.

Hilo ndilo Delbert alilolitaka; diski ilikuwa ya wenzake. Osgood alipewa cheo ambacho Delbert alikisubiri miaka yote hiyo. Kisha mwezi wa pili akamsimamisha mbele ya maprofesa na kumfokea kama mtoto wa chekechea, kisa mstari mmoja mtupu aliouacha kwenye karatasi ya kabati. Delbert alimchukia mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

"Ukituuza," Brack akasema, "hutawaona polisi. Utaniona mimi."

Saa 6:35 mchana

Korido ilikuwa tupu. Kelele za uwanjani zilipenya ukutani. Delbert alibonyeza namba za Osgood na king'ora kikanyamaza. Nje ya mlango wa maabara palikuwa na visanduku vidogo.

"Simu yako weka hapo," akamwambia Brack.

"Nini?"

"Simu haziingii humu."

Brack akamkazia macho. "Delbert. Tumekuja kuiba."

"Samahani. Mazoea."

Brack hakucheka. Aliingia na simu yake mfukoni.

Saa 6:41

Kabati lilifunguka bila ubishi. Diski ilikuwa ndogo kama pakiti ya sigara. Brack aliitia ndani ya koti na kutoka bila kugeuka. Delbert alibaki nyuma. Alifunga, akazungusha namba, akavuta mpini mara mbili, akageuza kibao cha sumaku kisomeke KIMEFUNGWA. Mlangoni Brack alikuwa anamtukana kwa sauti ya chini.

Saa 6:58

Gari lilikata mashamba ya mahindi, redio ikitangaza mechi. Delbert alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana. Akilini alimwona Osgood Jumatatu, akifokewa mbele ya maprofesa walewale.

Akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Akatoa kalamu.

Ilikuwa kalamu ya chuo, ile inayokaa juu ya kabati namba nne. Anayefungua kabati huandika saa na herufi za mwanzo za jina lake kwenye karatasi yake, na akifunga huandika tena. Tangu siku ile ya kufokewa, mkono wake haukuwahi kuruka mstari. Na leo haukuruka.

Brack alikuwa amegeuka kwenye kiti cha mbele. "Kalamu ya nini?"

Tessa akazima redio.

"Umeandika nini, mzee?"

"Saa," Delbert akasema. "Ya kufungua na ya kufunga. Na herufi zangu."

Tessa akaachia kicheko kifupi, kisha akarudisha macho barabarani alipoona Brack hacheki.

"Turudi," Delbert akasema. "Dakika kumi tu. Naichana."

"Mechi iko mapumziko. Watu wamejaa njiani." Brack alimpokonya kalamu taratibu. "Umeandika jina lako tu. Wakikukamata, utaandika na yetu."

Akamwambia Tessa ashike barabara ya machimbo ya mawe. Haikuwamo kwenye mpango. Tessa akakata kushoto bila kuuliza.

Delbert alishika kitasa cha mlango. Kilikuwa kimefungwa. Akamfikiria Osgood, Jumatatu, akipitisha kidole kwenye ile karatasi na kukuta, kwa mara nyingine, Delbert hajaacha mstari mtupu.