Shingo ya Fundi wa Mageti

Walikutana stendi ya mabasi, adhuhuri, katikati ya ngumi. Kibaka alikuwa amempora simu dada mmoja mwenye gauni la bluu. Fundi wa mageti akamtandika moja tu. Jino likaruka, simu ikarudi.

"Umemuumiza!" dada akafoka.

"Asante nimeipokea, mrembo."

"Mimi ni mpiga eksirei. Mifupa mnayovunja nyie ndiyo inayonichosha."

"Basi nipige na mimi. Moyo tu."

Akacheka bila kutaka. Miezi mitano hawakuachana.

Kaka wa yule dada, dereva wa lori, hakumtaka fundi. Siku moja aliingia karakanani akawakuta wameshikana viuno. Hakusalimu. Aliokota nondo akamshindilia fundi kisogoni. Fundi akadondoka chali, damu ikimwagika sakafuni. Dada akapiga magoti, akakibana kichwa chake kwa viganja viwili.

"Usitikisike!"

Fundi alijipinda ainuke; dada akazidi kumbana. Kaka mtu akamkanyaga mbavu, mara tatu, nne, zikalia. Majirani walipomvuta nje, alikuwa bado anarusha mateke hewani.

Hospitalini daktari wa upasuaji hakupamba maneno. "Mfupa wa pili wa shingo umevunjika. Ukiteguka kidogo tu, unapooza au unakufa. Sitakupasua sana. Nitatoboa tundu dogo mbele ya shingo, nipitishe skrubu moja mpaka kwenye ufa. Ndani sioni, picha za eksirei ndiyo macho yangu."

"Nani anazipiga?"

Aliyeijua mashine ile alikuwa mmoja tu. Fundi alipoambiwa ni nani, akafumba macho. "Sitaki. Bora nife."

Baada ya dakika chache simu ya kitandani ikalia. Muuguzi akamwekea sikioni.

"Mpenzi, usikate."

"Mpenzi wa nani? Ulinishika ili kaka yako anipige vizuri."

"Nilishika shingo! Ungeigeuza, tungekuzika."

"Na aliponivunja mbavu? Ulishindwa hata kumsukuma?"

"Kwa mkono upi, baba? Yote miwili ilikuwa na kichwa chako."

Machozi yakamwingia fundi masikioni, hakuweza kuyafuta.

"Mwambie daktari anichukue," akasema. "Na wewe usizikosee hizo picha."

"Nimewahi kukukosea?"

Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Sindano ndefu ya kuongoza skrubu ilipenya, mashine ikalia, dada akapiga picha baada ya picha, midomo ikimkauka, mpaka daktari akasema, "Skrubu imeshika."

Fundi alipozinduka alichezesha vidole vya miguu, vyote kumi. Dada alikuwa pembeni, macho yamevimba.

"Nimetoa ushahidi polisi. Kaka yuko ndani. Mama amesema nisikanyage tena nyumbani."

"Basi pa kulala unapajua. Nikiweza kusimama, naleta posa kwa mama yako."

"Atakufukuza."

"Nitarudi kesho yake."

"Na kaka akitoka?"

"Atanikuta nimeshakuoa."